Nani alipika? Mwongozo kamili wa kupima kama jeni ya kimeng'enya inafanya kazi ndani ya chavua

Ukiponda chavua ukaipima, ukakuta kimeng'enya fulani kimo, bado hujajua kama jeni ya kimeng'enya hicho ilifanya kazi ndani ya chavua yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Chembe ya chavua hukulia ndani ya mfuko ulio juu ya stameni, na utando wa ndani wa mfuko huo, uitwao tapetamu, huilisha sukari, protini na mafuta mpaka utando wenyewe unakufa na mabaki yake kuipaka chembe kwa juu. Kwa hiyo kimeng'enya unachokiona huenda kilipikwa na chembe yenyewe, au na mmea mzazi kabla chembe haijazaliwa, au kimepakwa tu kwa nje. Vipimo vyote vilivyomo humu vinalizunguka swali hilo moja: nani alipika?

Bahati nzuri, chavua ina sifa moja inayorahisisha kazi. Mmea mzazi una nakala mbili za kila jeni, lakini chembe ya chavua ina moja tu. Chukua mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu. Nusu ya chembe zake zitabeba nzima, nusu zitabeba mbovu. Jeni ikiwa inafanya kazi ndani ya chembe, utaona nusu kwa nusu ndani ya mfuko uleule. Kimeng'enya kikiwa kimetoka kwa mzazi, chembe zote zitafanana, maana zimekula chungu kimoja. Uwiano huo wa nusu kwa nusu nauamini kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Hatua ya 1: Chagua jeni na mmea vinavyoendana

Usianze na jeni unayoipenda, anza na jeni inayoonekana. Kimeng'enya kizuri kwa kuanzia ni kile ambacho kazi yake huacha rangi. Jeni ya Waxy ya mahindi ni mfano bora: hutengeneza kimeng'enya kinachojenga amilosi, sehemu ya wanga yenye minyororo mirefu, ndani ya punje za wanga. Jeni ya Adh1, pia ya mahindi, hutengeneza kimeng'enya kinachoshughulikia pombe ya ethanoli. Zote mbili zinafanya kazi ndani ya chavua, na zote mbili zina aina mbovu zinazojulikana vizuri.

Angalia pia chavua ya mmea wako huweka akiba gani. Nafaka hujaza chembe zake wanga, lakini jamii ya kabichi hukomaza chavua yenye mafuta, na kipimo cha wanga hapo hakitakwambia kitu. Kuna jambo jingine. Takribani asilimia 70 ya mimea itoayo maua humwaga chavua ikiwa na seli mbili, iliyobaki huimwaga ikiwa na seli tatu. Mahindi, mpunga, ngano na Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara wa jamii ya kabichi, wako kwenye kundi la seli tatu. Chavua za kundi hili kwa kawaida hufa haraka, kwa hiyo hutakuwa na muda wa kuzubaa.

Hatua ya 2: Kusanya chavua kwa umri unaoujua

Umri wa chembe ni nusu ya jibu. Uchambuzi wa Arabidopsis uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia hatua 4 za ukuaji wa chavua na kukuta RNA (nakala ambazo jeni hutoa inapofanya kazi, na ambazo protini hutengenezwa kwazo) za jeni 13,977 kwa jumla, lakini idadi ilishuka sana chembe zilipokomaa. Maana yake jeni inaweza kufanya kazi kwa nguvu mapema, ikanyamaza, na kimeng'enya chake kikabaki. Ukipima RNA ya chembe zilizokomaa peke yake utasema jeni haifanyi kazi, na utakuwa umekosea kwa siku chache tu.

Pima urefu wa vitumba vya maua, vipange kwa ukubwa, kisha toboa mfuko mmoja wa kila kundi, upake rangi ya DAPI, inayofanya DNA ing'ae, na uhesabu viini. Kiini kimoja ni chembe changa. Viwili au vitatu ni chembe iliyoanza kukomaa. Ukishafanya hivyo mara moja kwa mmea wako, urefu wa kitumba utakutosha kama kipimo cha umri, mradi mimea ikulie kwenye joto lilelile.

Kwa mahindi, chukua mbelewele ambazo mifuko yake imevimba lakini haijafunguka. Usikung'ute mbelewele zilizokwisha kumwaga: chavua ya mahindi huruka na upepo na kutua kwenye mbelewele za jirani, na hapo utakuwa unahesabu chembe za mmea usioujua. Kwa hesabu za rangi ya wanga, mbelewele zinaweza kukaa kwenye ethanoli ya asilimia 70 hata kwa muda mrefu. Kwa kimeng'enya au RNA, hapana. Hizo zinakwenda kwenye barafu au nitrojeni ya kimiminika papo hapo.

Hatua ya 3: Hakikisha chembe ziko hai

Chembe iliyokufa haikwambii kitu kuhusu jeni. Kipimo cha haraka ni cha floresini diasetati, kilichoelezwa mwaka 1970. Dutu hii haina mng'ao hadi iingie ndani ya seli na kukatwa na vimeng'enya vya esterasi. Utando wa seli ukiwa mzima, kilichokatwa hubaki ndani na chembe hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Utando ukiwa umetoboka, mng'ao huvuja. Yaani kipimo chenyewe ni cha kimeng'enya, lakini usikitumie kama ushahidi wa jeni yoyote mahususi, kwa sababu esterasi ni nyingi na huenda baadhi zilitoka kwa mzazi.

Rangi ya Alexander, ya mwaka 1969, hutofautisha chembe zilizojaa na zilizo tupu: zilizojaa huwa nyekundu-zambarau na maganda matupu huwa kijani. Ni nzuri kwa kuona utasa wa chavua. Ila chembe iliyojaa inaweza kuwa imekufa jana, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Hatua ya 4: Kipimo cha ayodini, cha kufanya kabla ya vipimo vingine vya jeni

Hiki kinahitaji hadubini ya kawaida na chupa moja ya ayodini, na kinafundisha kanuni yote ya kazi hii.

Mahindi ya nta yalielezwa kisayansi mwaka 1909 kutokana na mbegu zilizotoka China. Yaliitwa hivyo kwa sababu punje yake ikikatwa hung'aa kwa ufifi kama nta. Wanga wake hauna amilosi, ni amilopektini (sehemu ya wanga yenye matawi) karibu tupu, kwa kuwa kimeng'enya cha Waxy hakifanyi kazi. Amilosi ikikutana na ayodini hutoa rangi ya buluu iliyokoza mpaka karibu nyeusi. Amilopektini peke yake hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Chavusha mahindi ya nta kwa chavua ya mahindi ya kawaida, panda mbegu utakazopata, na kila mmea utakaoota utakuwa na nakala moja nzima na moja mbovu.

Tengeneza dawa hivi. Yeyusha gramu 2 za potasiamu ayodidi kwenye maji kidogo, ongeza gramu 1 ya ayodini, koroga hadi iyeyuke yote, kisha jaza maji hadi mililita 300. Usibadilishe mpangilio, kwa sababu ayodini peke yake karibu haiyeyuki majini, na utabaki na vipande vyeusi chini ya chupa. Hifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Kabla ya kutumia, punguza nguvu kidogo kidogo kwa maji na ujaribu kwenye chembe za mahindi ya nta tupu. Dawa ikiwa kali mno, hata chembe za nta huonekana nyeusi. Kosa hilo nimelifanya, nikahesabu mamia ya chembe nikidhani jeni imepona.

Toa mfuko mmoja wa chavua kwa kibanio, uweke kwenye kioo, tone moja la dawa, kisha uukate na kuukandamiza taratibu kwa sindano mbili mpaka chembe zimwagike. Ondoa vipande vya mfuko. Hili si la usafi tu, vipande hivyo hunyanyua kifuniko cha kioo na chembe zinakimbia kila unapogusa. Funika, subiri dakika chache, tazama kwa lenzi ya mara kumi. Utaona duara zilizotapakaa, nyingine nyeusi kama tone la wino, nyingine zenye rangi ya kutu, zimechanganyika bila mpangilio, zikigusana. Zilikulia kwenye mfuko mmoja, zikalishwa na tapetamu moja, na bado zimegawanyika. Mzazi hawezi kuwa ndiye aliyepika.

Sasa hesabu. Anzia pembe moja ya kifuniko, pita mstari kwa mstari, hesabu kila chembe iliyomo kwenye uwanja wa lenzi, usichague zinazopendeza. Chembe tupu au ndogo zilizosinyaa ziandike safu yake peke yake. Fikisha angalau chembe 500, kutoka mifuko kadhaa na mimea zaidi ya mmoja.

Tuseme umepata nyeusi 318 na za kutu 282, jumla 600. Ulitarajia 300 kwa 300. Tofauti ni 18. Mraba wake ni 324, gawa kwa 300 upate 1.08, na kwa kuwa makundi ni mawili yenye tofauti ileile, kai-mraba, kipimo cha umbali wa hesabu yako na ulichotarajia, ni 2.16. Kikomo kwa makundi mawili kwenye kiwango cha asilimia 5 ni 3.84, kwa hiyo hesabu yako haipingani na nusu kwa nusu. Ungepata 350 kwa 250, kai-mraba ingekuwa 16.67, na hapo ungekuwa na jambo la kuchunguza. Mara nyingi sababu huwa ya kawaida: dawa kali, au mfuko mchanga ambao chembe zake hazijajaza wanga. Mara chache ni kwamba chembe zenye aleli moja (yaani aina moja ya jeni hiyo, nzima au mbovu) zinakufa kabla ya kukomaa. Safu yako ya chembe zilizosinyaa ndiyo itakayokwambia, na ndiyo maana nilisema uiandike.

Hatua ya 5: Paka rangi kimeng'enya chenyewe

Ayodini huonyesha zao la kimeng'enya. Kwa Adh1 unaweza kuona kimeng'enya kikifanya kazi. Kinapogeuza ethanoli, hupitisha elektroni kwa NAD, molekuli inayozibeba ndani ya seli, na zikipokelewa na chumvi ya tetrazoliamu kupitia fenazini methosulfati, hutengenezwa rangi ya buluu isiyoyeyuka, inayotuama palepale.

Gandisha chembe na kuziyeyusha ili utando ufunguke, kisha ziweke kwenye bafa ya Tris (maji yanayoshikilia pH isibadilike) yenye vitu hivyo vyote pamoja na ethanoli, gizani, maana fenazini methosulfati huharibiwa na mwanga. Mmea wenye Adh1 moja nzima na moja mbovu hutoa chembe za buluu na zisizo na rangi, nusu kwa nusu. Ulinganisho usiokwepeka ni sampuli nyingine yenye kila kitu isipokuwa ethanoli. Ikiwa nayo inageuka buluu, kuna kimeng'enya kingine kinachotumia NAD, na matokeo yako hayana thamani.

Mahindi yana pia Adh2, ila hiyo haifanyi kazi kwenye chavua. Ndugu wawili wa familia moja ya jeni wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa. Kwa nini chavua ihitaji kimeng'enya cha pombe, wakati ina hewa ya kutosha? Kwa tumbaku imeonyeshwa kwamba chavua huchachua sukari kuwa ethanoli hata oksijeni ikiwepo. Inaonekana mrija wa chavua, unaokimbia kufika kwenye ovari, hausubiri upumuaji umalize kazi.

Hatua ya 6: Jeli, na hoja ya pacha mseto

Kimeng'enya chako kikiwa hakina rangi ya kuonekana kwenye chembe moja moja, nenda kwenye jeli isiyovunja protini, ya wanga au poliakrilamaidi, ambamo umeme huvuta protini na kuzitenganisha. Kipimo hiki kimeachwa na wengi siku hizi, nami naona ni hasara.

Vimeng'enya vingi huundwa na vipande viwili vilivyoshikana. Mmea wenye aleli mbili zinazotembea kwa kasi tofauti kwenye jeli utaonyesha mistari mitatu kwenye jani: pacha wa aleli ya kwanza, pacha wa aleli ya pili, na katikati pacha mseto, mwenye kipande kutoka kila moja. Chukua chavua ya mmea huohuo. Kama protini ilitengenezwa ndani ya chembe baada ya meyosisi (mgawanyiko wa seli unaoacha nakala moja ya kila jeni), kila chembe ina aleli moja tu, kwa hiyo vipande viwili tofauti havikukutana kamwe. Utaona mistari miwili ya pembeni na mstari wa kati haupo. Ukiuona wa kati kwenye chavua, kimeng'enya kilitengenezwa kabla ya meyosisi au kimetoka kwa mzazi. Hoja hii ilitumiwa mwaka 1979 kwa kimeng'enya cha sukari kiitwacho fosfoglukoisomerasi, na bado inasimama bila kuhitaji mashine yoyote mpya. Tahadhari moja: familia ya jeni ikiwa na wanachama wawili wanaofanya kazi kwenye chavua, vipande vyao vinaweza kushikana ndani ya chembe moja na kukupa mstari unaofanana na mseto.

Kwa njia ya jeli, mwaka 1981 ilionyeshwa kwenye nyanya kwamba takribani asilimia 60 ya jeni za vimeng'enya zinazofanya kazi kwenye mwili wa mmea zinafanya kazi pia kwenye chavua. Ukienda ukitafuta jeni yako, uwezekano wa kuikuta ni mkubwa kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 7: RNA

Hapa maadui ni wawili, ukuta wa chembe na uchafu. Ukuta wa nje umejengwa kwa sporopolenini, dutu ngumu kuliko karibu kila kitu ambacho mmea hutengeneza. Saga kwa kinu na mchi ndani ya nitrojeni ya kimiminika, au tikisa na vishanga vya kioo, kisha weka tone chini ya hadubini uone kama chembe zimepasuka kweli. Nimeona watu wakilalamika kwamba chavua haina RNA, kumbe chembe zilikuwa nzima kama zilivyoingia.

Uchafu ni vipande vya mfuko na petali. Osha maua kwenye maji baridi ya manitoli, pitisha kwenye wavu wa nailoni wenye matundu makubwa kidogo kuliko chembe, na uharakishe, kwani chembe ikilowa huanza kuamka na kuvujisha. Kisha pima jeni moja ya usanisinuru, kwa mfano ya kipande kidogo cha Rubisco. Kwenye chavua safi inatakiwa iwe chini sana ukilinganisha na jani. Ikiwa juu, unapima majani.

Ondoa DNA kwa kimeng'enya chake, weka sampuli isiyopitia unukuzi wa kinyume (kugeuza RNA kuwa DNA ili ipimike) kama ulinganisho, na tumia mimea mitatu au zaidi inayojitegemea. Mirija mitatu ya mmea mmoja haihesabiki. Jeni za kulinganishia ndizo huangusha wengi. ACT2 ya Arabidopsis, inayotumiwa kila mahali kama jeni isiyoyumba, ni ya mwili wa mmea na haifanyi kazi kwenye chavua. Ukiitumia kulinganisha jani na chavua, kila jeni ya chavua itaonekana imepanda kupita kiasi. Tafuta angalau mbili ulizozihakiki mwenyewe kwenye sampuli zote.

Hata RNA ikiwepo, hiyo haithibitishi kimeng'enya. Chavua iliyokomaa huweka akiba ya RNA ambazo hutafsiriwa baadaye, mrija unapoota.

Hatua ya 8: Otesha na uzuie

Ili kujua kama kimeng'enya kinatokana na akiba hiyo, otesha chavua. Mchanganyiko wa Brewbaker na Kwack wa mwaka 1963 unafaa kwa mimea mingi: kwa lita moja, miligramu 100 za asidi ya boriki, 300 za kalsiamu nitrati, 200 za magnesiamu salfati, 100 za potasiamu nitrati, na sukari asilimia 10. Sukari uirekebishe. Chembe zikipasuka, iongeze. Zikikataa kuota, ipunguze.

Gawa sampuli tatu. Moja haina dawa, ya pili ina aktinomisini D inayozuia kutengenezwa kwa RNA mpya, ya tatu ina sikloheksimidi inayozuia kutengenezwa kwa protini. Kimeng'enya kikipanda kwenye ya kwanza na ya pili lakini si ya tatu, kinatafsiriwa kutoka RNA ya akiba. Kikipanda kwenye ya kwanza tu, jeni inanukuliwa wakati mrija unakua. Kikiwa sawa kwa zote tatu, kilikuwepo tayari. Dawa zote mbili ni sumu kwako pia: glavu, na taka zake zisiende kwenye sinki.

Hatua ya 9: Jeni shahidi, kwa wenye uwezo wa kuhamisha jeni

Unganisha promota ya jeni yako, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha, na jeni ya GUS, ambayo hugeuza dawa ya X-Gluc kuwa buluu. LAT52 ya nyanya ni promota ya chavua unayoweza kuitumia kama ulinganisho. Chavua na mifuko ya mimea mingi ina GUS yake ya asili, kwa hiyo weka mmea usiohamishiwa kitu, shikilia pH kwenye 7, na ongeza methanoli asilimia 20 kwenye bafa ili kuinyamazisha ya asili.

Usikimbilie mimea yenye nakala mbili za jeni shahidi. Yenye nakala moja ndiyo yenye ushahidi, maana nusu ya chembe ndizo zitakazokuwa buluu. Kwa Arabidopsis kuna uzuri zaidi: mmea wenye badiliko la quartet hutoa chembe nne za meyosisi moja zikiwa zimeshikamana. Ukiona fungu la chembe nne, mbili za buluu na mbili nyeupe, rudia kwenye mafungu mengine hamsini uone kama yanafanana.

Pale ambapo kipimo hukudanganya

Kimeng'enya cha chalkoni sinthasi, kinachoanzisha utengenezaji wa flavonoli na dutu za jamii yake, kinastahili kutajwa peke yake. Petunia isiyo na kimeng'enya hiki, na mahindi yaliyopoteza jeni zake mbili za kazi hiyo, hutoa chavua nyeupe badala ya ya njano, na chavua hiyo haiwezi kuzaa kwenye mmea wake wenyewe. Mtu angeapa kwamba jeni inafanya kazi ndani ya chavua. Lakini mmea wenye nakala moja nzima na moja mbovu hutoa chembe zote nzima. Hakuna nusu kwa nusu. Flavonoli zinazohitajika zilitengenezwa kwenye mfuko na chembe zikapakwa. Kwa petunia, ukiongeza kempferoli, flavonoli mojawapo, kidogo sana kwenye stigma ya ua (ncha inayopokea chavua) au kwenye dawa ya kuoteshea, chembe nyeupe huota.

Unapoandika matokeo, andika kila mara chavua ilikuwa ya umri gani, ilikusanywa saa ngapi, mzazi alikuwa na nakala zipi za jeni, na ulipima RNA, protini au zao. Kisha gawa chavua iliyobaki kwenye mirija midogo midogo kabla ya kuiweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili kila kipimo kifungue mrija wake na usilazimike kuyeyusha yote kila mara.